Chuo na mtoto mdogo: kutwa, jioni au huria?

Shahada yangu ya ualimu nimeisoma kwa njia mbili. Mwaka wa kwanza nilikuwa mwanafunzi wa kutwa, mtoto wangu wa kwanza akiwa na miezi minane. Katikati ya mwaka wa pili nikaahirisha masomo, nikajifungua wa pili, kisha nikahamia masomo ya huria, yale ya kusomea nyumbani, na kumalizia huko. Baadhi ya kozi zilihamishika, nyingine nikazianza upya. Ninayoyaandika hapa nimeyapitia mwenyewe, mengine nimeyaona kwa wenzangu niliosoma nao, wengi wao kina mama, na baba wawili.

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa naulizwa swali lilelile: "Dada, na mtoto huyu mgongoni, nichukue kutwa au huria?" Nami huanza kwa kuuliza: mtoto akipata homa usiku wa kuamkia mtihani, nani atabaki naye? Jibu la hapo linaamua mambo kuliko ada, na kuliko jina la chuo. Kutwa hukuangusha ghafla, siku moja, mbele ya darasa zima. Huria hukuangusha polepole, hakuna anayekuona, hadi siku unashtuka miaka miwili imekwisha na kozi ulizomaliza ni nne. Jiulize ni anguko lipi kati ya hayo mawili unaloweza kuinuka nalo ukiwa na mtoto.

Hesabu saa zako kwanza

Kwa mfumo wa vyuo vikuu vyetu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kukaa darasani, kusoma peke yako, kuandika kazi ulizopewa na kufanya mitihani, vyote humo humo. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Ukichukua mihula miwili ya wiki 17 kila mmoja, pamoja na mitihani yake, unadaiwa kama saa 35 kila wiki. Hapo bado hujapanda daladala, hujapika uji, hujafua.

Huria haikupunguzii hata saa moja kati ya hizo. Inachokupa ni ruhusa ya kuzisambaza. Kama una saa 20 za kweli kila wiki, kwa wiki 50 za mwaka, saa 3,600 za shahada nzima zitakuchukua miaka mitatu na nusu na ushee. Ukiwa na 15, karibu miaka mitano. Ukiwa na 10, miaka saba. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, chukua daftari uandike kwa wiki mbili kila saa uliyokaa kichwa kikiwa kimetulia na mikono haina mtoto. Mimi nilikuwa nikijiambia nina saa 25. Nilipoandika, nikapata 13. Saa za mtoto anapolala mchana nilizihesabu nzima, wakati nusu yake nilikuwa nadeki, na nusu iliyobaki nimesinzia pembeni yake.

Chuo chochote cha huria kina kikomo cha miaka ya kumaliza. Kiulize, kisha kilinganishe na hesabu yako.

Kutwa

Uzuri wa kutwa ni watu. Ukikosa kipindi, jioni kuna mwenzako wa kukupa madesa, yaani nakala za masomo. Ukisahau tesi, yaani jaribio la darasani, kuna anayekupigia kelele kwenye kundi la darasa: "Wewe mama, kesho saa mbili, usije ukachelewa!" Mhadhiri anakujua kwa sura. Kuna kikundi cha majadiliano ambacho dakika arobaini zake zinakufungulia mada ambayo ungeihangaikia usiku mzima. Na aliyepata mkopo wa serikali ana boom, yaani fedha ya kujikimu, na mama anayejua kupanga huinyoosha boom hadi ikalipa na mtu wa kukaa na mtoto.

Shida yake ni kwamba ratiba ya kutwa haimjui mtoto. Nikueleze siku moja.

Tesi ilikuwa saa mbili asubuhi. Mtoto alishinda na joto usiku kucha, nikamkanda kwa maji, nikampa dawa ya kushusha homa, saa kumi na moja na nusu alfajiri nikamwacha na dada wa kazi nikapanda gari. Mikoba na simu tuliviweka mbele, chini ya ubao. Nikiwa swali la pili kati ya manne, nikasikia simu ikitetema ndani ya begi langu. Niliijua ni yangu kwa sababu ilikuwa inagonga funguo. Ikanyamaza. Ikatetema tena. Ya tatu nikaandika mstari mmoja, sijui niliandika nini, nikasimama nikakabidhi karatasi. Mtoto alikuwa amepata degedege. Nilipofika zahanati nilimkuta dada amekaa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki njiani, na mtoto amelala kifuani kwake na sindano ya dripu mkononi. Ilikuwa malaria. Alipona.

Juma lililofuata nilipeleka karatasi za hospitali idarani. Nikaambiwa vyeti vinavyopokelewa ni vya mwanafunzi mwenyewe kuugua, kuuguza mtoto hakumo. Ile kozi niliivuka kwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Hadi leo naona hilo ni jambo la kurekebishwa, na nalisema kila ninapopata nafasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanafunzi hana mwajiri, kwa hiyo hayo yote yanampita. Alicho nacho ni kanuni za chuo chake tu. Basi zisome kabla, hasa vipengele vya mitihani maalumu na kuahirisha, na uliza kwa mdomo wako: mtoto akilazwa siku ya mtihani, mnafanyaje?

Kuna na suala la kunyonyesha. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Dar es Salaam unazidi hapo karibu mwaka mzima. Ukikamua alfajiri bila friji au kiboksi cha barafu, kufika saa nne asubuhi hayafai tena. Maziwa nayo kifuani hayasubiri kipindi kiishe. Nimekamua chooni, nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwenzangu akishikilia mlango kwa nje. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, anayetakiwa kunyonya tu, siwezi kumshauri mama aende kutwa isipokuwa anakaa hatua chache kutoka chuoni au mtu anaweza kumletea mtoto mchana. Hosteli usizitegemee, nyingi haziruhusu mtoto, na mambo ya kubebana, yaani kulala wawili kitanda cha mmoja, hayawezekani ukiwa na kichanga.

Akishafika mwaka na nusu, anakula chakula cha nyumbani na kliniki za mfululizo za chanjo zimekwisha (wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na 18), picha inabadilika. Hapo kutwa ndiyo ninayoipendekeza, kwa masharti yanayofuata.

Dada wa kazi au kituo?

Anayesoma kutwa lazima alijibu hili, na mara nyingi ndilo linaloamua kama utamaliza.

Dada wa kazi yupo nyumbani muda wote. Mtoto akiwa na mafua anabaki kitandani kwake, ukichelewa foleni ya Ubungo hakuna mtu anayekufungia geti. Yule dada wangu aliyekimbia na kiatu kimoja aliniokolea mwanangu, sitamsahau maisha yangu yote. Lakini tuseme ukweli: wengi wao ni mabinti wadogo walioacha kwao ili sisi tusome. Mshahara wake ulipwe tarehe ileile kila mwezi, siku yake ya kupumzika iwepo, na asiajiriwe mtoto kulea mtoto. Udhaifu wa njia hii ni kwamba nyumba nzima inasimama juu ya mtu mmoja. Akienda kwao Desemba asirudi, Januari huna chuo. Uwe na mtu wa pili anayejulikana na mtoto: shangazi, jirani, mama mkwe, yeyote anayeweza kuja ukimpigia saa kumi alfajiri.

Kituo cha kulelea watoto mchana hakitoroki, na mtoto anacheza na wenzake. Lakini kinafunga jioni hata kama mhadhiri hajamaliza, na mtoto mwenye homa kinakurudishia, tena kwa haki, kwa ajili ya watoto wengine. Vituo hivi hutakiwa kusajiliwa, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anajua vilivyosajiliwa na visivyosajiliwa. Usajili peke yake usikutulize. Nenda saa nane mchana bila taarifa, wakati watoto wamelala. Asubuhi kila kituo ni kisafi. Saa nane ndipo utaona wanalala wangapi kwenye godoro moja, aliyejikojolea amebadilishwa au la, na mlezi yuko macho au naye kalala. Mimi kituo cha pili nilikichagua kwa jambo moja: nilimkuta mlezi amekaa chini sakafuni, anampepea mtoto ambaye hakuwa hata wa kwangu, wala hakujua kama kuna mtu mlangoni.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili nachukua dada, nikimpata mtu mzima na mwaminifu. Kuanzia miaka miwili na kuendelea, kituo kizuri.

Jioni

Masomo ya jioni yamewekwa kwa ajili ya wafanyakazi: unaanza kama saa kumi na moja, unatoka saa mbili au saa tatu usiku. Ziangalie saa hizo vizuri. Ndizo za kuoga, kula na kulala kwa mtoto, na ndizo anazokulilia kuliko zote. Ukiwa unafanya kazi mchana na kusoma jioni, siku tano za juma utamwona mwanao akiwa amelala. Nimeona njia hii ikifanya kazi katika nyumba ambayo mzazi mwenzako anarudi mapema na anajua kumlaza mtoto mwenyewe. Mmoja wa wale baba wawili alisoma jioni na kumaliza bila sapu hata moja, na alikuwa wa kwanza kusema kwamba shahada ile nusu ni ya mkewe. Kama nyumbani uko peke yako, jioni iache.

Huria

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, na kuna vituo mikoani. Kwa mama hili la vituo ni kubwa: ukiwa Singida au Songea unajisajili na kufanya mitihani bila kuhamisha familia. Unalipa kwa kozi ulizosajili, kwa hiyo mwaka wa kichanga unaweza kuchukua mbili tu, ukaongeza akianza kutembea.

Kusoma nyumbani na mtoto kuna ufundi wake. Mwanzoni niliamka saa kumi alfajiri, lakini wa pili alikuwa na masikio ya paka, nikifungua kompyuta tu, macho yake hayo. Nikabadilisha. Usiku nilikuwa nasoma muhtasari kwa sauti na kujirekodi kwenye simu, dakika kumi na tano kila mada, na mchana nafua nepi nikijisikiliza. Kozi nzima ya saikolojia ya elimu niliisoma kwenye beseni. Hadi leo nikiona povu la sabuni nakumbuka hatua za ukuaji wa mtoto kwa mpangilio.

Sasa ubaya wake. Mwaka wangu wa kwanza wa huria nilisajili kozi sita nikafanya mitihani miwili. Hakuna aliyenipigia simu kuuliza. Hakuna aliyenipa sura ya kunishangaa. Kila wiki kulikuwa na sababu nzuri: meno yanaota, mgeni amekuja, umeme umekatika. Nikikumbuka vizuri, hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo, na kwa pamoja zikala mwaka mzima. Kilichonitoa hapo ni mama mmoja wa kozi ileile tuliyekutana kwenye foleni ya mitihani, naye ana mtoto. Tukapatana kila Jumamosi saa nne asubuhi maktaba ya mkoa: mmoja anasoma kwa muda wa saa moja na nusu, mwingine yuko nje chini ya mwembe na watoto wote, kisha tunabadilishana. Atakayekosa alipe nauli ya mwenzake. Mwaka uliofuata nilifanya kozi saba, nikafaulu saba.

Ukichukua huria, mtafute mtu huyo kabla ya kutafuta vitabu.

Jambo moja linalowashtua wengi: kwenye ualimu, hata ukiwa huria, mazoezi ya kufundisha yapo palepale. Kwa wiki zile uko shuleni asubuhi hadi mchana kama mwalimu yeyote, na maandalio ya somo usiku. Fani nyingine nyingi nazo zina mafunzo kwa vitendo. Yule dada au kituo unachodhani umekikwepa utakihitaji kwa kipindi hicho, kwa hiyo anza kuweka akiba yake mwaka mmoja kabla.

Kumpeleka kwa bibi, au kusubiri

Wengi wetu tumelelewa na bibi na tumekua vizuri, kwa hiyo sitasema neno baya juu ya bibi. Wa kwanza nilimpeleka kwa mama yangu Singida muhula mmoja, akiwa na mwaka na miezi minne. Nilisoma kuliko muhula wowote maishani. Nilipokwenda kumchukua, kutwa nzima ndani ya basi, nilimkuta uani. Nikamwita jina lake. Alinitazama, akaenda kujificha nyuma ya kanga ya mama yangu, akamwita yeye "mama". Mama akanivuta mkono akasema, "Kaa chini mwanangu, usimkimbilie. Atakuja mwenyewe." Alikuja siku ya tatu, akanipa kipande cha muhogo alichokitafuna nusu.

Ukiamua hivyo, subiri apite miaka miwili kama unaweza, piga simu ya picha kila siku saa ileile, na usikubali muhula mmoja ugeuke miwili. Na bibi apelekewe matumizi. Upendo wake haununui maziwa.

Kuahirisha, nimefanya pia, na ulikuwa uamuzi sahihi kwangu. Tofauti ni namna unavyoahirisha. Kuacha kwenda tu, bila barua, ni kujifukuza. Andika barua kabla ya mitihani, ambatisha karatasi za kliniki, pata jibu la maandishi lenye tarehe ya kurudi, na kama una mkopo, ofisi ya mikopo ya chuo ijue. Tarehe hiyo ndiyo uhai wako. Nchi hii ina somo lake katika hili: baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, wahitimu wa sekondari walitakiwa kufanya kazi angalau miaka miwili kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Wanawake walioingia wakapungua, kwa kuwa ndoa na malezi viliwakuta katika miaka ile ya kusubiri, na baadaye wanawake wakaondolewa sharti hilo. "Nitarudi watoto wakikua" ni sentensi inayohitaji tarehe mbele yake.

Fedha kwa ufupi

Ada usiilinganishe peke yake. Kutwa weka ada, nauli za siku tano, chakula cha chuoni na malipo ya dada au kituo kwa miezi yote ya muhula. Huria weka ada ya kozi, bando la intaneti, nauli za mitihani na wiki za mazoezi, kisha zidisha kwa miaka utakayochukua kweli, ile uliyoipata kwenye hesabu ya daftari. Nilipofanya hivyo, huria ya miaka mitano haikuwa rahisi kiasi nilichofikiri. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye nauli na malezi.

Ningekushauri hivi

Mtoto chini ya miezi sita: huria kwa kozi mbili tu, au uahirishe kwa barua. Kati ya miezi sita na mwaka na nusu: huria, isipokuwa una mama, mama mkwe au dada mzima ndani ya nyumba, na unakaa karibu na chuo. Kuanzia mwaka na nusu, ukiwa na mtu wa pili wa kumpigia simu: kutwa, umalize mapema. Watoto wawili wa chini ya miaka minne na uko peke yako: huria, pamoja na mwenza wa Jumamosi. Mwenye mkopo wa kutwa mkononi asiuache haraka, kwanza azungumze na familia nzima kikao kimoja, baba wa mtoto akiwemo, na kila mmoja aseme siku na saa atakazomshika mtoto. "Tutasaidiana" haina saa, isikubaliwe.

Na kabla ya kuthibitisha udahili, nenda chuoni mwenyewe siku ya kazi ukiwa na mtoto mgongoni. Tafuta pa kumbadilisha nepi. Omba maji. Ingia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, keti, mnyonyeshe mtoto hapo hapo ukiuliza maswali yako, na uangalie kama watakuvutia kiti au watakutolea macho.